Ukurasa Uliomsemea Dada Yangu

Shukrani zote ni zake Mola aliyemfundisha mwanadamu kusema, naye ana haki ya kuichukua kauli hiyo wakati wowote apendao. Namshukuru kwa alichonipa na namshukuru kwa alichokichukua, ingawa hili la pili huwa nalisema taratibu zaidi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyetangulia kwa subira.

Baada ya hayo, nataka kueleza habari za dada yangu wa Mnyambe na mashine iliyokuwa ikimsemea. Nimeona niandike mwenyewe, maana mambo haya yameanza kusimuliwa kwa namna isiyo yake. Wapo wanaosema mfu alizungumza. Hakuna mfu aliyezungumza. Aliyetaka kuzungumza alikuwa mtu mzima, hai, mwenye akili zake, na kwa muda mrefu sisi ndugu zake hatukujua kwamba tulikuwa tumemfungia kinywa.

Tumezaliwa watatu: kaka yetu mkubwa, kisha dada, kisha mimi. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada alikuwa wetu sisi wajomba kabla hajawa wa baba yake. Dada alibakiwa na mmoja tu. Mungu alimjalia kijana huyo elimu, akawa mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja upande wa Masasi. Kila mwisho wa juma alipanda mlima kwa pikipiki kuja kwa mama yake, hata msimu wa mvua, barabara ikiwa nyekundu na telezi kama sabuni.

Kiharusi kilimkuta dada chini ya mikorosho yake, ameinama anaokota. Upande wa kulia ulikufa, na kauli ikaondoka yote. Akili haikuondoka. Herufi nazo zilimtoka: yeye aliyekuwa akisoma Yasini bila kutazama chini, sasa akifunguliwa msahafu anautazama kama mtu anayetazama mchanga. Ulibaki mkono wa kushoto, na macho.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa mguu wala mkono. Kilikuwa marahaba. Huku kwetu mtoto akimkuta mtu mzima husimama, huamkia, kisha hungoja. Asipojibiwa hajui aende au abaki. Watoto wa shule walipita mbele ya baraza lake, wakasimama, "Shikamoo bibi," na dada anawatazama tu, midomo inatafuta. Watoto wanatazamana. Mwisho mmoja anamvuta mwenzake mkono wanaondoka, wanatembea kwanza, halafu wanakimbia. Mimi niliyaona hayo zaidi ya mara moja. Mwanamke aliyeheshimiwa na kijiji kizima alikuwa amegeuka mtu wa kukimbiwa, kwa sababu ya neno moja.

Mpwa wangu ndiye aliyelirudisha neno hilo. Alikuwa na kompyuta ya kukunja aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake akatengeneza ukurasa, mfano wa kurasa zile ambazo watu hufungua wanapoingia kwenye mtandao, ila huu haukuhitaji mtandao. Ulikaa humo humo ndani ya mashine. Palikuwa na picha kubwa: kikombe cha bati cha dada mwenyewe, mkeka wake mwenyewe, mto, mlango, mkono wa mtoto unaoamkia. Dada anagusa picha kwa kidole cha kushoto na mashine inasema. Naomba maji. Nigeuzeni. Fungeni mlango, vumbi. Marahaba, hujambo mjukuu wangu?

Sauti ilikuwa ya mpwa wangu mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakutafuta ya mwanamke.

"Mjomba, nilitafuta," akanijibu. "Nilimletea sauti ya mwalimu mwenzangu, nzuri kabisa. Mama akaisukuma mashine ikakaribia kuanguka. Kumbe anataka ya mtoto wake."

Basi dada yangu akawa anasema kwa sauti nzito ya kiume, na watoto wa shule waliizoea kwa wiki moja tu. Wakawa wanapita makusudi. "Shikamoo bibi!" "Marahaba, hujambo mjukuu wangu?" Wanacheka, wanarudi tena wanaamkia mara ya pili, naye anawajibu mara ya pili.

Mimi nakaa Chilangala. Nilipokwenda kumtazama nilimpa habari za shamba langu, na sisi wakulima tunajuana. Nikamwambia mwaka huu mikorosho yangu imezaa mpaka matawi yamelala chini. Dada akapeleka kidole pembeni ya kioo, kwenye picha ya kinyago kilichotoa ulimi.

"Wewe muongo," ikasema mashine.

"Dada, mwanao amekufundisha utovu wa adabu."

"Wewe muongo."

Nilicheka mpaka kofia ikanidondoka. Naandika hili ili msomaji ajue kwamba alikuwa amerudi, mzima, pamoja na ulimi wake mkali. Tulidhani mtihani umekwisha.

Mpwa wangu alifariki mwishoni mwa masika, kwenye mteremko, pikipiki ilipoteleza. Hakukuwa na gari jingine wala mtu wa kulaumiwa. Ilikuwa barabara, na mvua, na ajali yake iliyokwisha kuandikwa. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Hapa inabidi nieleze desturi ya ukoo wetu, maana ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Mtu akifa, chumba chake kinafungwa siku ile ile na mkubwa wa upande wa mama. Hakuna anayeingia, hakuna kinachotoka, mpaka arobaini. Siku hiyo kisomo kikimalizika ndipo mlango hufunguliwa na vitu hugawiwa. Desturi hii ina hekima yake: imezuia ugomvi mwingi, na mikono mingi isiyo na haya. Kaka yetu mkubwa alikifunga chumba cha mpwa wetu kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni mwa kanzu. Ndani palikuwa na nguo, viatu, vitabu vya shule, na kwenye meza karibu na dirisha, kompyuta. Kila jioni iliingizwa chumbani mwake ichajiwe, hata siku ambazo yeye alikuwa Masasi. Ilikuwa yake, aliinunua yeye. Kwa hiyo ilikuwa mali ya marehemu. Hakuna kati yetu aliyeiona kuwa ni kinywa cha aliye hai.

Watu walikuja kwa wingi, kutoka Mnyambe yote, kutoka Chilangala, wengine wakapanda mlima kutoka Chiungutwa ambako marehemu alikuwa na marafiki. Wanawake waliinama mbele ya dada mmoja mmoja, wakashika mkono wake wa kushoto. "Pole dada." "Pole mama, ni kazi ya Mungu." "Pole bibi." Kwetu mfiwa hujibu. Hujibu hata kwa pumzi. Neno likitoka kwa mfiwa, aliyekuja kutoa pole anainuka na moyo wake umekaa. Dada hakuwa na neno. Alinyoosha kidole kwenye mlango uliofungwa. Anapewa pole, ananyoosha kidole. Anapewa pole nyingine, anakinyoosha tena, na koo linatoa mlio kama wa mtu anayebeba mzigo.

"Anamtaka mwanawe," watu wakasema.

"Subira mama, hayumo humo tena."

"Msimkalishe akiutazama mlango, mgeuzeni."

Wakamgeuza. Wakamkalisha ameupa mlango mgongo, kwa huruma.

Palikuwa na mama mmoja mtani wetu, na watani kwenye misiba wana ruhusa zao. Alijifunga kanga ya dada, akajitupa kwenye mkeka pembeni yake. "Sogeeni huku, mfiwa ni mimi! Huyu leo maneno yamemwishia. Wewe si ndiye uliyenitukana kwenye harusi ya binti yangu? Haya, nitukane leo. Nitukane nikuone!" Watu wakacheka kidogo, kama inavyotakiwa, maana kicheko cha mtani ni dawa. Dada akamtazama. Yule mama alicheza kidogo zaidi, kisha sauti ikampungua, akavua ile kanga, akaikunja, akaenda kukaa nyuma na wapishi. Hakutania tena siku ile.

Mimi nilisoma dua, nikaongoza dhikri, nikawakumbusha watu juu ya subira. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwenye mlango ule.

Arobaini ikafika. Kaka alifungua kufuli. Dada alikuwa amebebwa na kiti chake mpaka mlangoni, na kabla mtu hajaingia alinyoosha mkono kwa nguvu mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti. Tukamwinua. Bado hakutaka kutulia. Ndipo binti ya kaka yangu, mama mzima mwenye watoto wake, akasema, "Baba, si ile kompyuta? Shangazi anataka kompyuta yake."

Kaka alitazama meza, akamtazama dada. Akaingia mwenyewe, akaitoa ile mashine kwa mikono miwili, akaiweka mapajani mwa dada. Dada akaikumbatia kwa mkono wake mmoja. Ilikuwa imeishiwa chaji. Na umeme siku ile ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Binti ya kaka akaipeleka kwa jirani mwenye sola. Alikuwa na nia njema, naye ni mtu mzuri, sitaki mtu amwazie vingine. Ilipowaka aliona picha za marehemu humo, akataka awatumie ndugu wa Mtwara, akaiunganisha na mtandao wa simu yake. Mashine ikaomba ruhusa ijisasishe. Akaikubalia kama anavyoikubalia simu yake kila mara. Ikafanya kazi zake, ikazima, ikawaka tena. Alipoirudisha kwa dada, ukurasa ulifunguka vizuri: kikombe kipo, mkeka upo, kinyago kipo. Dada akagusa mkono wa mtoto anayeamkia. Kimya. Akagusa kikombe. Kimya. Akagusa kila picha. Zilikuwa kama milango iliyochorwa ukutani.

Dada aliendelea kugusa mpaka chaji ikaisha. Hakulia. Kulia alikuwa amemaliza.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko msiba wenyewe. Watoto waliamkia siku chache za mwanzo, kisha nikasikia mama mmoja akimwambia mwanawe, "Pita tu, bibi hasemi siku hizi." Watu wazima walizoea kuzungumza juu yake akiwa amekaa pale pale: amekonda, hali chakula, nani atakaa naye msimu wa korosho, kama si bora ahamie kwa kaka yake. Hawakupunguza hata sauti ya kuulizana. Mtu asiye na jibu huanza kuonekana kama hana swali. Nilimlisha uji akawa anaufumbia mdomo, nami sikujua kama ameshiba, au u moto, au hataki tu kuendelea. Zamani palikuwa na picha kwa kila moja ya hayo.

Kaka ndiye aliyemtafuta yule mwalimu aliyefanya kazi na marehemu, mama mmoja anayefundisha kompyuta katika shule ile ile. Alikwenda Masasi mwenyewe, na umri wake, akarudi naye. Mwalimu akamwamkia dada kwa kupiga goti, akangoja kidogo kama anayengoja jibu, kisha akaifungua mashine. Alikaa nayo muda mrefu, akipekua humo ndani.

"Hakuna kilichopotea," akasema mwishowe. "Sauti zipo zote. Kilichoondoka ni msikilizaji."

"Tueleze kama wazee," kaka akamwambia.

"Huu ukurasa una maagizo ndani yake: akigusa hapa, toa sauti ile. Maagizo yameandikwa kwa lugha, na hii aliyotumia marehemu ni ya zamani. Brauza ya zamani, yaani ile programu inayofungua kurasa, ilikuwa inazijua lugha mbili. Hizi mpya zinajua moja tu. Mashine ilipojisasisha, ile ya zamani ikaondolewa. Hii mpya inaona maandishi lakini haielewi kinachosemwa."

"Hiyo lugha wameiacha kwa kosa gani?"

"Imezeeka tu, mzee. Na wezi wa mtandaoni walikuwa wanapitia humo."

"Imezeeka," kaka akarudia. "Hapa tulipo kijana ni nani?"

Mwalimu akacheka kidogo, kisha akauliza, "Lakini marehemu alijua haya. Shuleni alikuwa akisema mashine ya mama haitakiwi kuguswa na mtandao. Hakumwambia mtu yeyote?"

Tukatazamana. Hakuna aliyeambiwa. Ndipo nikaona mkono wa kushoto wa dada umeinuka kutoka mapajani, taratibu, na vidole vyake vimegusa kifua chake mwenyewe. Yeye aliambiwa. Katika nyumba nzima aliyejua ni yeye peke yake.

Kaka alitoka nje. Alikaa huko mpaka adhuhuri.

Niliuliza kama haiwezekani kuirudisha ile ya zamani. Mwalimu akasema angeweza kuhangaika, lakini mashine yenyewe imechoka, na siku itakayokufa sauti itakufa nayo. Bora kuutoa ukurasa ndani yake, ufunguke kwenye mashine yoyote, hata ya kesho. Nikauliza kama hawezi basi kuuandika upya kwa lugha mpya.

"Picha na sauti, naweza, si kazi kubwa. Lakini nimesoma alichoandika, baba. Mkono wa mama ukitetemeka akagusa mara mbili, ukurasa unahesabu moja. Akiwa na uchovu akakawia, unamngoja. Asubuhi unasogeza mbele maji ya kutawadhia, jioni unasogeza mkeka. Kuna mambo ameyapanga sijui hata kwa nini ameyapanga. Nikiandika upya nitamwandika mama ninavyomdhani mimi. Yeye alimwandika anavyomjua."

Akatueleza njia nyingine. Wapo watu huko duniani, wanaopenda vya zamani visipotee, waliotengeneza kitu mfano wa mkalimani. Kinakaa ndani ya brauza mpya, kinasoma ile lugha ya zamani mstari baada ya mstari, na kila mstari kinaieleza brauza kwa lugha inayoijua. Ukurasa wenyewe haubadilishwi hata nukta. Mkalimani huyo hakuwa amekamilika, palikuwa na maneno asiyoyajua, lakini mwalimu alisema atamfundisha yaliyopungua.

Hilo nililielewa kuliko yote. Umri wangu wote nimekaa na kitabu cha Kiarabu mapajani, nikisoma mstari mmoja na kuufasiri kwa Kimakonde kwa kina mama ambao hata Kiswahili kinawapa tabu. Kitabu hakibadiliki. Anayehangaika ni mkalimani, na siku zote huwa nyuma kidogo ya kitabu.

Mwalimu alifanya kazi ile baada ya vipindi vyake, kule Masasi, umeme ukiwapo. Alipanda mlima mara kadhaa kujaribu. Safari ya kwanza picha zote zilitoweka. Safari nyingine sauti ilitoka, lakini kila picha ilisema maneno yale yale. Dada aligusa mlango, mashine ikasema, "Naomba maji." Aligusa mto, "Naomba maji." Aligusa picha ya kukataa, "Naomba maji," na mke wangu, asiyejua mambo ya mashine, tayari anakuja na kikombe cha pili. Dada akacheka. Ulikuwa upande mmoja tu wa uso, na sauti ya kukwaruza, lakini alicheka, nasi sote tukashusha pumzi. Kisha niliona kilichomtokea usoni kicheko kilipokwisha. Alikuwa ameisikia sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia tangu siku mwanawe alipoteremka mlima.

Kijijini wakaanza kunong'ona. Je, yafaa sauti ya aliyezikwa iitikie salamu? Waliniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma dini. Niliwajibu kwamba roho imekwenda kwa Mwenyewe na haitumwi na mashine. Kilichobaki ni kazi ya mikono ya mtoto kwa mama yake, na tumefundishwa kwamba elimu yenye manufaa haikatiki kwa mwenyewe kufa. Wengine waliridhika, wengine hawakuridhika. Sikugombana na mtu.

Siku ukurasa uliposimama sawasawa tulikuwa watu wachache ukumbini: dada, kaka, mwalimu, mke wangu, na mimi. Mwalimu akasema, "Unakawia kidogo, mama. Ukigusa, ngoja." Akamwekea mashine mapajani.

Dada hakugusa kikombe wala mkono wa mtoto. Alipeleka kidole chini kabisa, kwenye picha ndogo ya pikipiki ambayo mimi sikuwahi kumwona akiitumia. Akangoja. Sisi sote tukangoja.

"Mwiteni mwanangu," ikasema sauti ya mpwa wangu.

Alikuwa ameiweka kwa ajili ya mama yake, akimhitaji yeye akiwa uani au kwa jirani. Sasa sauti yenyewe ilikuwa inatuomba tumwite mwenye sauti. Mke wangu aliufunika uso kwa kanga. Mwalimu akanyoosha mkono kama anayetaka kuizima mashine, kisha akaninong'oneza, "Baba, niiondoe hii picha?" Dada alisikia. Akaweka kiganja chake chote juu ya kioo, akakiacha hapo.

Nilitafuta la kumwambia. Nikasema tu, "Dada, yeye hatakuja. Sisi ndio tutakaokwenda." Alinitazama, akainamisha kichwa mara moja. Alijua hayo kabla yangu. Alitaka tu kulisema, kama mama yeyote anavyolisema siku ya kwanza, na siku yake ya kwanza tulikuwa tumeifungia kwa kufuli.

Kisha akagusa picha nyingine. "Ahsante." Akaonyesha mkeka ulio mbele yake. "Ahsante." Akaonyesha tena. Mwalimu akadhani anashukuriwa yeye, akasema si kitu mama. Dada akatikisa kichwa. Akaonyesha mkeka.

Kaka alielewa. Alivua kofia yake, akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye ule mkeka mbele ya dada yake mdogo, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mtu. Akashika mkono wake wa kushoto.

"Pole dada," akasema.

Dada akauvuta mkono, akagusa. Tukangoja, mkalimani asome mstari wake.

"Ahsante."

Kaka akabaki pale. Baadaye akafuta uso, akasema, "Watu wote waliokuja waliondoka bila jibu. Nawaita." Akanigeukia. "Dini inasemaje?"

Nilifikiri. Kuufufua msiba ulioisha si jambo jema, na nimelikataza mara nyingi kwenye nyumba za watu. Lakini nikaona huu haukuwa msiba mpya. Salamu ilitolewa, na salamu ikitolewa hurudishwa, kwa namna iliyo sawa nayo au bora zaidi. Mwenye kudaiwa jibu alikuwa amezuiwa, na waliomzuia walikuwa sisi. Nikasema, "Wasilie kwa mayowe. Waje wajibiwe."

Walikuja Ijumaa baada ya swala. Hawakuja wote, wapo waliokuwa wanaogopa. Hapakupikwa, hapakuhubiriwa. Walikaa foleni kwenye kivuli cha nyumba, mmoja anaingia, anainama. "Pole mama." Dada anagusa, naye anabaki ameinama, mashine ikikawia. "Ahsante." Anainuka. Mtani wetu naye aliingia, kanga yake kichwani, bila mzaha. Akainama akasema pole yake. Dada akamtazama kwa muda, akagusa mahali pengine kabisa.

"Sitaki," ikasema mashine.

Yule mama akashtuka, kisha akaona kile kicheko cha upande mmoja, akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akamlalia mapajani. "Mshenzi wewe," akawa anasema, "mshenzi wewe, ulikuwa wapi?" Ndipo dada akampa ahsante yake.

Ilikwenda hivyo mpaka karibu na magharibi. Mkono wa dada ulikuwa unatetemeka, na ule ukurasa, kama mwalimu alivyosema, ulihesabu moja.

Ningependa kuishia hapo, lakini nimekusudia kusema yaliyokuwa. Kiharusi cha pili kilikuja mwaka uliofuata, kabla mikorosho haijachanua. Kiliuchukua mkono wa kushoto. Dada yangu bado yu hai ninapoandika. Analala Chilangala nyumbani kwangu, anameza uji, na macho yake yananifuata. Mwalimu ameuweka ukurasa kwenye simu yangu pia, na unafunguka vizuri, mkalimani wake kazini, picha zote mahali pake. Jamaa huniambia niguse picha kwa niaba yake. Siku moja nilijaribu. Niligusa kikombe, ikasema naomba maji, nami nikaona kwamba ni mimi niliyeomba. Sijagusa tena. Watoto wanaopita wakimwamkia namjibia mimi kwa kinywa changu, nao wanakwenda.

Namshukuru Mungu kwa Ijumaa ile moja. Wengi huondoka duniani bila hata hiyo.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie kauli yako na wanaokusikiliza. Akupe watoto wanaokujua, ndugu wepesi wa kuelewa unapoonyesha kidole, na siku utakapoitwa kwake akupokee kwa salamu isiyokawia. Amin.